Mama mkwe na kaisari wa shaba

Butembo, Jumamosi. Mvua haijakatika tangu mchana, mtaa wetu wa Rughenda wote ni ukungu, na mimi nimejificha ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Leo nimemfokea mama mkwe.

Naandika kwa sababu kusema siwezi. Kwetu mtu hampandishii mama mkwe sauti, hata awe amelewa. Mimi sikuwa nimelewa.

Mama alitoka mji wa Beni, komine ya Ruwenzori, akikimbia risasi, akaja kukaa kwetu. Hajui kukaa bure. Kule parokiani kwao ndiye husugua vinara vya altare kwa majivu na ndimu. Asubuhi alikuta kwenye kisahani changu sarafu ya Kirumi, ile ya kaisari mwenye taji la miale, niliyoletewa kutoka Istanbul na rafiki yangu anayeuza vitambaa. Ilikuwa ya kijani tupu. Akaisugua.

Nilipoingia iling'aa kama sufuria mpya. Lile gamba la kijani lilijengwa na karne nyingi, nasi wakusanyaji hulilinda kama mboni ya jicho. Lilikwisha kwenda na maji ya vyombo, na pua ya kaisari imelika. Nikamwita mharibifu, mbele ya binti yake.

"Nilionaka iko muchafu, mutoto wangu," akasema. "Nilitaka tu nikusaidie."

Akafunga mzigo wake, akapanda gari la Beni. Barabara ile ile aliyoikimbia.

Mke wangu hakunigombeza. Alikaa sebuleni, simu mapajani, akiipiga namba ya mama ambayo haikupatikana. Mimi nilitembea tu, kutoka dirishani hadi mlangoni, na kaisari wangu sikumkumbuka hata kidogo.

Watu nisiowajua nawaelezea sarafu hizi mtandaoni mpaka wanachoka. Mama tunakula naye meza moja, na sikuwahi kumwambia kwamba hizi hazioshwi. Nilidhani hataelewa. Hilo ndilo linaloniaibisha kuliko makelele yenyewe.

Jioni simu imelia. Amefika salama. Mke wangu amesimama mlangoni bila kunitazama.

"Mama anasema umusamehe. Hakujuaka."

Nimekaa chini.

Kesho baada ya misa ya kwanza nakwenda Beni na jogoo wa kuombea radhi, nimwombe arudi. Lakini nikifika mlangoni kwake nitaanza na neno gani, ikiwa samahani amekwisha kuisema yeye?