Kitabu cha Mwalimu Rehema

Marahaba, mjukuu wangu Neema. Huku Tlawi sisi ni wazima, na mama yako amemaliza kuvuna maharage.

Umeniuliza kama masomo ya mtandaoni mnayoandika kazini kwenu kwa fedha za serikali yaachwe wazi, shule yoyote iyanakili bure. Nilipokuwa mwalimu kijana Nangwa, kule Hanang, mwenzangu Rehema, mtu wa Tanga, aliandika kitabu cha sayansi kwa mifano ya udongo na ng'ombe wa huko. Watoto waliozoea kukaa kimya walianza kubishana darasani. Tukaenda ofisi ya elimu kuomba kichapishwe kwa ajili ya shule zote.

“Kitabu ni kizuri,” afisa alisema, “lakini hakina fungu la fedha. Na ruhusa ya kukinakili siwezi kutoa, maana kimeandikwa na mtumishi wa serikali.”

Rehema akahamishwa, akaondoka na nakala pekee iliyokuwepo. Umma ulimlipa mshahara, lakini umma haukukisoma. Yaacheni wazi, mjukuu wangu, na mwombe fungu la karatasi pia, maana si kila mtoto ana simu.

Baadaye walimu wa shule ya Gitting walikuja kuomba kile kitabu. Niliwapikia chai, wakanywa, wakarudi mikono mitupu.

Mungu akutunze.
Bibi yako