Kiti cha Arvid

Inga, uko? Pikapu siuzi tena. Nimemfukuza mnunuzi, majirani wanaangalia.

Si unajua nilivyokuwa nalalamika kwamba gari ni kubwa mno kwa Maren, anatetemeka, tutafute kadogo? Wiki sita nimekaa pembeni yake kwenye maegesho ya kanisa nikimfundisha kuendesha, nikimfokea, "Kanyaga breki! Kanyaga!" Mtoto wangu mwenyewe nikamwita mwoga.

Leo kaja huyo mnunuzi, mfupi kama Maren. Akapanda, akavuta kile chuma cha chini ya kiti, kiti kikaja mbele kraa!

Maren akapiga ukelele. "Kiti cha Baba! Amesogeza kiti cha Baba!"

Shoga, ndipo nikaona. Tangu tumzike Arvid, kiti kilikuwa pale pale alipokiacha yeye na miguu yake mirefu. Binti alikuwa anaendesha kwa ncha za vidole vya miguu. Mguu ulikuwa haufiki kwenye breki!! Na mimi nafoka tu, kanyaga, kanyaga, macho kwenye ukuta wa kanisa.

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Ungeniambia nikisogeze, Mama."

Kweli ningemwambia.

Yule bwana kaomba radhi, akataka kukirudisha. Nikamwambia aende zake.

Sasa Maren yumo garini, hataki kushuka. Anakisukuma kiti nyuma kidogo, anakivuta tena, anatafuta pale kilipokuwa. "Hapa, Mama? Au hapa?"

Miaka ishirini nimekaa pembeni ya Arvid kwenye gari hilo, Inga, na sijui.