Usiufuate Ule Wimbo wa Palizi

Kwa Jilala, Dutwa,
Bariadi, Simiyu.
20 Januari 2025

Mpendwa mwanangu Kabula,

Mwangaluka, ng'wanone. Hujambo? Umeamka salama huko Morogoro? Shangazi yako Klementina hajambo? Kile kikohozi cha vumbi la safari kimekwisha? Unakula lakini? Usinidanganye, najua ukishika vitabu unasahau chakula.

Sisi huku wazima. Baba yako mzima, mguu tu unamsumbua kukiwa na baridi, na bado anawatangulia ng'ombe kuamka. Bibi yako mzima, kila siku anauliza kama umeshakuwa nesi. Nikimwambia bado mtihani wa kuingia chuo, anasema mtihani gani huo usioisha. Mdogo wako Masunga mzima, amerefuka, suruali ya shule imegeuka kaptula. Ndama wako mweupe naye mzima, ameanza kula majani. Mimi mwenyewe mwili ni mzima, ila moyo haujatulia, na ndiyo sababu ya barua hii.

Mvua zimekuja vizuri. Pamba imeshika, mahindi yanakaribia kiuno. Juzi kulikuwa na radi, nikaona mwanga kwanza, halafu ngurumo. Nikamweleza baba yako vile ulivyonifundisha, kwamba vimetoka pamoja ila mwanga una mbio kuliko sauti. Akanitazama. "Mama Kabula, siku hizi na wewe unasoma?" Nikamwambia ndiyo, nasoma. Nilijisikia vizuri, mwanangu, mimi niliyeishia darasa la nne.

Sasa nisikilize kwa makini. Ni habari ya ule wimbo wa damu.

Unakumbuka mwezi wa kumi na mbili tulipokuwa tunapalilia pamba kwa zamu, leo kwetu, kesho kwa mama Elia. Ulikuwa unapiga jembe huku unajisomea mdomoni njia ya damu kwenye moyo. Unasahau, unarudia, unasahau tena. Mama Elia akasema basi tuiimbe, labda itakaa, ndipo tukaitia kwenye wimbo wa jembe. Wewe ulitupa maneno yake sawasawa. Lakini mapafu yalikuwa katikati ya mstari, na kila tukifika hapo majembe yanagongana, huyu juu, yule chini. Mama Elia akayahamishia mwisho, maana pale yanashuka vizuri na jembe: ma-pa-fu, tii! Ukacheka, ukasema haya mama zangu, imbeni mnavyotaka. Ukaimba na sisi hivyo hivyo mpaka ulipoondoka.

Ijumaa iliyopita Mwalimu Januarius, yule anayefundisha sayansi sekondari, alikuwa anapita na baiskeli kando ya shamba. Akasimama, akashusha mguu, akasikiliza. Sisi tukaongeza sauti, tukidhani anatusifu.

"Akina mama," akasema, "huyo mtu mnayemwimba alishakufa."

Mama Elia akamjibu, "Amekufaje, Mwalimu, na sisi ndiyo kwanza tunaingia ubeti wa pili?"

Ndipo akatueleza kwamba damu yetu inayaruka mapafu, inazunguka mwili mzima bila hewa, halafu inakwenda kuitafuta hewa mwisho kabisa, kazi imekwisha. Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi sikucheka. Nilikuona wewe kwenye chumba cha mtihani, kalamu mkononi, unauimba kimoyomoyo na kuandika tulichoharibu sisi.

Mwaka jana ulikosa chuo kwa alama chache. Nilikuona ulivyokaa nyuma ya ghala, chakula hukutaka, maneno hukutaka. Sitaki safari hii ukose kwa ajili ya majembe yetu.

Jioni ile ile nilimpigia shangazi yako, kwa kuwa simu yako ameificha ili usome. Nikamweleza yote, moyo, damu, mapafu. Akasema, "Sawa wifi, nitamwambia." Kesho yake akanipigia yeye, anauliza akupeleke hospitali gani wakupime mapafu. Nikaona heri niandike kwa mkono wangu mwenyewe.

Njia yenyewe ni hii, Mwalimu amenisomea polepole nami nikaandika. Damu inatoka mwilini, inaingia chumba cha juu cha kulia, inashuka chumba cha chini cha kulia, inakwenda MAPAFU kuchukua hewa. Halafu inarudi chumba cha juu cha kushoto, inashuka cha chini cha kushoto, ndipo inasukumwa mwili mzima. Majina ya Kiingereza unayo wewe. Labda ulikuwa unajua muda wote na sasa hivi unanicheka. Nicheke tu. Nikijua umecheka, nitalala.

Jumamosi tuliuimba upya, mapafu mahali pake. Haushuki vizuri hata kidogo, na mama Elia amekata mche wangu wa pamba kwa kukosa hesabu ya jembe. Lakini tumekubaliana ule wa kwanza haurudi. Mtu wetu sasa anapumua.

Nimekufungia michembe, vile viazi vitamu vya kukausha. Ukiiloweka na kuiona inavimba, kumbuka lile somo lako la maji yanavyokifuata kitu kilichokauka. Soma hapo hapo, halafu upike ule. Masunga atapeleka mzigo na barua hii kesho asubuhi stendi ya Bariadi amkabidhi kondakta. Shangazi amepewa namba ya basi.

Na hili nalisema mara moja tu. Ukikosa tena, Mungu aepushe, usibaki huko kwa aibu. Rudi nyumbani. Jembe lako lipo pale pale kwenye kona, na hakuna atakayekuuliza neno. Ila naomba msimu huu usilishike.

Nisalimie shangazi, mume wake na watoto. Mwambie namshukuru kwa kukutunza, na hospitali asikupeleke. Baba yako anasema uandike taratibu, usishindane na mtu. Bibi amekutemea mate ya baraka akiwa ameelekea upande alioambiwa ndiko Morogoro. Mungu naye aushike mkono wako ule wa kuandikia.

Jumamosi ukitoka tu mlangoni mwa chumba cha mtihani, kabla hujala, kabla hujakaa, mwombe shangazi simu uniambie upesi: kama swali la damu lilikuja, mapafu uliyaweka wapi? Tutakuwa shambani kwa mama Elia. Simu nitakuwa nimeifunga kwenye khanga kiunoni, na ikilia tu, majembe yote yatasimama.

Mama yako akupendaye, asiyetulia mpaka akusikie,
Anna