Mshipa Uliomtaja Ivy

Al-Safa,
Jeddah.
14 Novemba 2025

Mpendwa dada Serah,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Kifua chako kimepona? Na mahindi je, yamekauka au mvua imeyawahi? Mimi bado ni mwembamba, lakini hofu imeniisha.

Kaka yetu Laban alikwambia nimebaki mifupa, na safari hii hakutia chumvi. Chakula kilinishinda kabisa. Madam alinipeleka hospitali hapa Jeddah, wakapima damu, wakanipiga picha ya kifua: mafi, hakuna kitu. Nikaanza kuogopa kwamba nitarudi kwetu ndani ya sanduku.

Mwezi jana tulienda Riyadh kwa baba yake madam, daktari mstaafu. Alinishika kifundo cha mkono kwa vidole vitatu, akaniambia nitaje mahali na watu wa kwetu, polepole. Nikasema moyoni, mzee huyu akili zimeanza kuchoka. Nikataja Shinyalu, soko la Khayega, wewe, Laban. Nilipomtaja mwanangu Ivy, unayenilelea, akainua fimbo yake.

"Halas, basi! Ugonjwa ni huyo."

Dada yangu! Mshipa wangu ulikuwa umeruka bila ruhusa yangu! Mzee alisema ujuzi huo si wake, ni wa Ibn Sina, tabibu wa Uajemi aliyefariki karibu miaka elfu iliyopita. Wanasimulia kwamba alimtibu hivyo kijana aliyekuwa akinyauka kwa mapenzi, akitajiwa mitaa na majina. Kitabu chake kilitumiwa kuwafundisha madaktari hadi Ulaya, kwa karne nyingi. Hebu fikiria! Mtu aliyezikwa kabla babu wa babu zetu hawajazaliwa amenifikia mimi, mfua nguo wa Al-Safa. Hata nikipiga deki bado nastaajabu.

Pasaka uliniomba nisizungumze na mwanangu kwa simu, maana akinisikia hulia na kususa chakula. Ulimtakia mema, nami nikakubali. Ni hapo nilipoanza kukonda. Mzee ameniandikia dawa moja tu, sauti ya Ivy kila Ijumaa. Madam hana neno. Umebaki wewe.

Nisalimie Laban, shemeji Elphas na shangazi Winfred. Mungu awafunike nyote.

Na kama bado unaogopa machozi ya mtoto, mshike kifundo cha mkono, umtajie watu wote wa kwetu, polepole. Mwisho useme "mama". Usimwangalie machoni, sikiliza vidole vyako. Kisha unipigie.

Mdogo wako akupendaye,
Truphena