Mkebe Usiorudi Mtupu

Mpendwa Mama Rebeccah, nisikilize mpaka mwisho, kwa maana nimemnyima rafiki yangu chakula huku nikidhani ninampa.

Niko kidato cha pili, karibu na Roret. Jirani yetu, Mama Molly, alikuwa akichuma chai katika shamba kubwa mpaka mashine zikaletwa na wachumaji wakaachishwa kazi, naye hakurudi kwao upande wa ziwa kwa sababu Molly yuko darasa moja nami na hakutaka kumkatizia masomo. Mwalimu wetu wa Shule ya Jumapili alitufundisha kwamba imani isiyobeba kitu mkononi ni maneno tu, basi kila Jumamosi nikampelekea Mama Molly unga kwenye mkebe, na kila Jumatatu mkebe ukarudi na mayai mawili, siku nyingine matatu, nami nikala nikimshukuru Mungu kwamba anatubariki sote. Kuku walipoacha kutaga, mkebe ulirudi na maharagwe. Sikujua ni ya mbegu.

Sasa mvua imeanza, kila mtu amepanda, na kishamba chao ni udongo mtupu. Molly aliniambia mbele ya wasichana wote, "Wewe na Yesu wako mmekula mbegu yetu." Nilikimbilia kwao. Mama yake alinipa mkebe akasema, "Chukua mkebe yenu, mtoto wangu. Mimi sina kitu ya kuweka ndani." Akafunga mlango.

Mama yangu naye anasema, "Si unajua chombo ya mtu hairudishwi tupu? Ungefikiria." Siwezi kuomba tena. Je, ni afadhali nisimpe mtu chochote?

Chelimo, Roret

Chelimo, pole sana. Futa machozi, halafu nikugombeze.

Ulikula mayai ya mama asiye na kazi wiki baada ya wiki, na hukujiuliza yanatoka wapi? Ulihesabu wema wako, hukuhesabu kuku wake. Na mama yako pia alikula, kwa hivyo asikuachie lawama peke yako.

Sitakudanganya. Huenda Molly asikusamehe muhula huu, na maharagwe yaliyochelewa hayazai sana. Hata hivyo, kesho asubuhi nenda na mama yako, jembe begani, mbegu kwenye mifuko ya sweta. Msibebe chombo chochote. Mwambie Mama Molly, "Tumekuja kupanda," kisha inama uanze kupanda. Saa ya kula, pikeni kwa sufuria yake na mle pamoja, kusibaki cha kurudisha. Kwa Molly sema "nilikosea" na unyamaze; usimtolee mstari wa Biblia.

Kutoa uliambiwa. Kupokea hukufundishwa. Siku moja utampelekea tena unga. Mkebe ukirudi mtupu, upokee kwa mikono miwili, useme kongoi, asante ya kwenu, kama vile umejaa.