Neno la Siri Alilolisahau Mama Mkwe

Kisii mjini, Alhamisi, Aprili 1998

Mvua haijakatika tangu jana jioni. Asubuhi hii nimeharibu barua mbili za watu kwa kupiga herufi zisizofaa, kwa hivyo nimeweka kazi kando na kufungua daftari hili. Bosi yuko mbele ya duka anauza karatasi. Akiniuliza nafanya nini, nitasema naandika orodha ya vipuri.

Ninaogopa. Wacha niseme hivyo tu.

Jumanne mama mkwe alikuja mjini kunitafuta. Hakuingia dukani. Alisimama ng'ambo ya barabara na mwavuli wake, akamtuma Moraa, mke wangu, avuke aniambie. Mama anatunza faili za wagonjwa katika hospitali ya misheni kule juu, ukishapita Keroka, na siku hizi faili zote zimo ndani ya kompyuta moja kubwa, seva, ambayo haizimwi. Jumapili radi ikakata stima, betri ya akiba ikaisha, seva ikazimika. Stima iliporudi, seva ikadai neno la siri kabla ya kufanya lolote. Neno hilo aliliweka Mama mwenyewe mwaka juzi. Amelisahau.

Sista msimamizi ameshasema kwamba faili zisipofunguka kufikia Ijumaa, ataita watu wa Nairobi, na kazi ya faili atapewa mtu mwingine. Mama amebakisha miaka mitatu tu astaafu. Ndipo akamwambia Sista, "Mkwe wangu ni injinia wa kompyuta."

Hapa nitubu. Mimi si injinia. Nilijifunza kwa kufungua taipureta, halafu kompyuta tatu zilizokuwa zimekufa tayari. Siku ya mahari wajomba zangu walinipamba kwa kuniita injinia, nami nikanyamaza.

Na kuna chinsoni, ile heshima ya wakwe ambayo kwetu si mzaha. Simpi Mama mkono. Haingii chumbani kwangu wala mimi kwake. Tangu nimwoe Moraa sijawahi kumtazama Mama usoni kwa muda wa kuhesabu hata tano. Sasa hicho chumba cha seva kilikuwa stoo ya blanketi. Wakiingia watu wawili, viwiko vinagusana.

Basi jana asubuhi Mama aliketi nje ya mlango, amenipa mgongo, mimi nikiwa ndani. Tulizungumza Kiswahili badala ya Kikisii. Kiswahili kilituweka mbali kidogo.

"Mama, jaribu kukumbuka hata herufi ya kwanza."

"Nimejaribu, Baba Kerubo. Imetoka tu kwa kichwa."

Nilijaribu Moraa. Nilijaribu Kerubo, binti yetu. Nilijaribu jina la hospitali. Kila nikikosea mara tatu mashine inaganda, naizima, naiwasha, naanza upya. Setapu, ule ukurasa wa ndani ambapo mtu angeweza kuliondoa neno lenyewe, nao umefungwa kwa neno lilo hilo. Ni kama kufungia ufunguo ndani ya nyumba.

Nikafungua kifuniko. Kwa mashine nyingine unatoa betri ndogo na bodi, ule ubao wa ndani unaobeba saketi zote, inasahau kila kitu, lakini betri ya hii imefichwa ndani ya kidude cheusi kilichochomelewa kabisa. Njia iliyobaki ni pini. Kwenye bodi kuna pini zilizovalishwa vikofia vidogo vya plastiki. Ukihamisha kikofia kinachohusika, neno linafutika. Vikofia vilikuwa kumi na kitu, na kitabu cha maelezo hakuna. Ukihamisha kisicho chenyewe, unaweza kuunguza bodi, na bodi kama ile sijui kama kuna nyingine nchi hii. Nilinakili namba za diski kutoka kwenye kibandiko chake ili nipate kuziandika upya baadaye, maana neno likifutika nazo hufutika, nikazisoma mara nne, kwa sababu tu nilitaka kuchelewesha.

Maandishi ya kando ya pini ni madogo kuliko chawa, tena yamefunikwa na nyaya. Mkono mmoja ushike nyaya, mwingine ushike koleo. Na tochi? Ningemwita mfagiaji, hospitali nzima ingejua kabla ya saa sita.

"Mama, nahitaji mtu wa kushika tochi."

Nikasikia kiti kikisogea.

Aliingia. Akainama juu ya bega langu, nikasikia pumzi yake. Nikayaona maandishi niliyoyatafuta, nikahamisha kikofia, nikasubiri, nikakirudisha, na katika kurudisha mkono wangu ukagusa wake. Aliishikilia tochi palepale.

Nikawasha. Seva haikudai chochote. Nikaingia setapu, nikaandika namba za diski, na majina ya wagonjwa yakaanza kushuka kwenye kioo. Mama alicheka kwa sauti. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka.

Nikamwomba aweke neno jipya, nikageukia ukuta nisilione. Akaliandika mara mbili, kama mashine inavyotaka. Nikaizima na kuiwasha ili kuhakikisha. Ikauliza neno. Nikageukia ukuta tena.

Sikusikia kibodi.

Nilipogeuka, Mama alikuwa amesimama vidole vikiwa juu ya herufi, midomo ikicheza, akinitazama. Nami nikamtazama. Dakika tatu zilikuwa hazijapita tangu aliandike.

"Lilikuwa neno gani?" akaniuliza, safari hii kwa Kikisii.

Halafu akaketi kwenye sakafu ya stoo, mbele yangu, akaniambia. Januari alishuka kituo kisicho chake na hakujua nyumbani ni upande gani. Anamwita Kerubo kwa jina la dada yake mwenyewe aliyefariki. Huandika kila kitu kwenye karatasi, kisha anasahau ameiweka wapi.

"Usimwambie Moraa," akasema.

Nilifungua kifuniko tena kulifuta neno lile jipya, naye akashika tochi. Safari hii sikuchelewesha, maana bodi haikuwa tena kitu cha kuogopa. Sikuweka neno lolote. Sista akaja, akaona faili, akaniita injinia, akampongeza Mama kwa kuwa na mkwe wa namna hii.

Jioni Moraa akauliza, "Mama yuko aje?" Nikasema yuko sawa, nikaenda kunawa mikono.

Kinachonitetemesha tangu nilipoamka si ule uongo peke yake. Daktari akitaka faili ya mgonjwa, Mama ndiye anayeandika jina na kuitoa. Dawa ya mtu inafuata faili hiyo. Nimemwokolea kazi yake, na huenda ni kazi hiyo itakayomfanya amdhuru mtu bila kujua.

Nimeamua kwamba Jumamosi nitapanda tena kule nimwambie amweleze Moraa yeye mwenyewe, na asipoweza, nitaeleza mimi. Mkwe hamsemeshi mama mkwe maneno ya namna hiyo. Nitaanza kwa mdomo gani?

Na Jumamosi ni mbali. Leo ni Alhamisi, na ofisi ya faili imefunguliwa tangu saa mbili, Mama yumo ndani.