Baba, Linux na Begi la Uhamisho

Jumatano, Katubuka. Mvua imeanza kabla sijachemsha chai, na mpaka mchana huu haijaonyesha dalili ya kuchoka. Shule zimefungwa, kwa hiyo sina hata kisingizio cha kutoka. Nimekaa sebuleni naandika kwa simu, kwa sababu kompyuta ina mwenyewe.

Mwenyewe ni Baba. Ameketi mgongo umenyooka, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, anaitazama skrini iliyoganda. Mikono ameiweka magotini. Anasubiri.

Sina raha tangu juzi. Nikiandika labda kichwa kitatulia, ingawa sidhani.

Hii kompyuta ya mezani Baba aliinunua alipokaribia kustaafu. Alikuwa karani wa mizigo bandarini hapa Kigoma, mtu wa kuandika kila gunia lililopanda boti na kila pipa lililoshuka. Aliposikia kazi zote zinahamia kwenye kompyuta, alijifunzia nyumbani ili vijana wa ofisini wasimcheke. Sisi wanawe hatukumcheka. Basi, kidogo tu, kwa jinsi alivyokuwa anaishika mausi kama ameshika yai.

Siku hizi kumbukumbu zinamtoroka. Jina langu linakuja na kuondoka. Mama alishafariki, lakini kuna siku anauliza kama amerudi kutoka sokoni. Mwanzoni hali ilikuwa mbaya zaidi, maana kila asubuhi alikuwa anavaa na kwenda kazini. Anashuka kwa miguu hadi bandarini, walinzi wanaomfahamu wanamrudisha. Siku moja walimkuta amekaa ukingoni mwa gati, miguu inaning'inia juu ya maji, anangoja meli ambayo haipo.

Kilichomrudisha nyumbani ni kompyuta. Nilikuwa natunga mtihani wa darasa la sita, akaja akasimama nyuma yangu, akasema kwa upole, "Dada, hapo ni kwangu." Nikampisha. Akafungua ukurasa mpya, akaanza kuchapa: magunia ya dagaa, mafuta ya mawese, saruji, kwenda Kalemie, kwenda Bujumbura. Boti zote alizozitaja ni za zamani, nyingine zilishakatwa zikawa chuma chakavu. Akachapa mpaka adhuhuri, akaizima mashine, akanawa mikono, akala akashiba. Hakwenda bandarini siku ile, na hajaenda tena.

Tangu hapo kila asubuhi ni hivyo hivyo. Anabonyeza kitufe, anatulia, na ule mlio wa Windows ukisikika anauitikia: "Mwakeye." Ndiyo salamu yetu Waha ya asubuhi, na Baba si mtu wa kuingia ofisini bila salamu. Anaamini kabisa kuna mtu mle ndani amemwamkia. Halafu anabofya kitufe cha kuanzia, kona ya chini kushoto, bila hata kutazama, na siku yake inaanza.

Duniani humu Baba amebakiwa na njia moja tu anayoijua, na inaanzia kona ya chini kushoto.

Sasa mashine inakufa. Windows iliyomo ni ya zamani mno. Inaganda, inajizima, inajiwasha yenyewe inapotaka. Mimi nami naihitaji, kwa sababu ndiyo kompyuta pekee humu ndani na nina matokeo ya kuingiza mtandaoni, lakini kurasa hazifunguki, zinasema mfumo umepitwa na wakati. Flash za walimu wenzangu nazo zimeniletea virusi vya kila kabila. Fundi wangu wa pale Mwanga, anaitwa Shabani, ameshaipiga Windows upya mara kadhaa. Inakaa wiki chache inarudi kulekule.

"Madam, tuipige Linux," aliniambia. "Ni mfumo mwingine badala ya Windows, wa bure, mwepesi, hauhitaji leseni, na hivyo virusi vya flash utavisahau. Hii mashine imechoka. Ukiibebesha Windows ya kisasa ndiyo unaizika."

Shabani ni mtu mzuri, ila akianza kusifia Linux anakuwa kama mtu aliyeokoka jana. Alinishawishi. Nikampigia kaka yangu aliyeko Dodoma nimwombe ushauri, akasema kama anayeagiza soda, "Si mnunue mpya tu?" Hajakaa na Baba siku nyingi. Kompyuta mpya inakuja na Windows mpya yenye sura mpya, na ile kona ya Baba haina kitu, kitufe wamekisogeza katikati. Nilimwambia nitafikiria, nikakata simu kabla sijasema maneno mengine.

Uzuri wa Linux, kwa maelezo ya Shabani, unaweza kuijaribu kwenye flash bila kugusa kilichomo ndani ya mashine. Ukiichomoa, kila kitu kinarudi kama kilivyokuwa. Kwa hiyo juzi, Jumatatu, alikuja nyumbani kujaribu. Alijituma kweli. Aliweka nyuma ya skrini picha ileile aliyoizoea Baba, akashusha ule mstari wa alama chini, kitufe akakirudisha kona ya kushoto, na hata ule mlio wa Windows akauhamishia huku. Nikasimama mbali nikatazama, nikaona ni kitu kilekile. Nilifurahi. Nilishaanza kupanga jinsi nitakavyoingiza matokeo ya wanafunzi jioni Baba akiwa amelala.

Baba akaketi. Mlio ukalia. "Mwakeye," akaitikia, na mimi nikamfinya Shabani mkono kwa furaha.

Kisha akabofya kona yake. Orodha ikafunguka, lakini vitu vilivyomo havikuwa vyake, majina mengine, alama nyingine. Kishale kikazunguka, kikarudi, kikazunguka. Halafu akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya akiwa kwenye kile kiti: aligeuka akakitazama chumba chote, ukuta kwa ukuta.

"Ofisi amepewa mtu mwingine," alisema. "Barua yangu iko wapi?"

"Barua gani, Baba?"

"Ya uhamisho."

Hakukasirika. Mtumishi wa enzi zake haulizi kwa nini amehamishwa, anauliza kituo kipya ni wapi. Akasimama, akampa Shabani mkono, akamtakia kazi njema kama anayemkabidhi ofisi. Shabani, kwa adabu tu, akajibu, "Asante, Mzee, tutaitunza." Mimi nikacheka. Ilichekesha, na nilikuwa sijacheka siku nyingi. Baba akaelekea chumbani, nikajua anakwenda kujinyoosha. Sisi tukarudi kwenye skrini, tukaanza kubishana kuhusu ukubwa wa alama.

Nilipokwenda kumwita ale, chumba kilikuwa kitupu. Kabati wazi. Begi lake halipo, mashati hayapo, na kile kitenge cha Mama nilichokuwa nimekihifadhi chini kabisa, hakipo.

Sijui kama kuna hofu nyingine ya namna ile. Kichwani mwangu nilikuwa naona gati tu, na maji. Shabani akawasha pikipiki yake kwenda bandarini, mimi nikadaka bajaji nikamfuata. Tukauliza walinzi, tukauliza wapagazi, tukauliza akina mama wa dagaa. Hajaonekana. Niliita "Baba!" mbele za watu wazima na akili zao, mpaka sauti ikakatika.

Ndipo ikaniingia. Mtu aliyehamishwa haji kazini. Mtu aliyehamishwa anakwenda stesheni.

Nilimkuta kwenye benchi, begi limewekwa juu ya mapaja, kitenge cha Mama kimekunjwa vizuri juu ya begi. Treni haikuwepo siku hiyo. Mama mmoja mfanyakazi wa stesheni alikuwa amempa maji, akanisogelea akaninong'oneza, "Anasema anamngoja mke wake aje na vyombo, ndiyo waondoke. Ni mzee wako?"

Nikasema ndiyo. Nikapiga magoti mbele yake. Alinitazama usoni, akatabasamu kwa huruma, kama unavyomtazama mtu mliyekutana safarini.

"Na wewe binti, wamekuhamisha?"

Ningeweza kumwambia ukweli. Baba, umestaafu. Baba, Mama hayupo. Baba, mimi ni mwanao. Nilishawahi kumwambia hayo, na kila mara anafiwa upya.

"Hapana, Mzee," nilisema. "Nimetumwa kwako. Uhamisho umefutwa. Wamesema urudi ofisini kwako."

Uso wake! Sikumbuki lini niliuona uso ule. "Nilijua," alisema, "nilijua watafikiri upya." Akaniachia begi nilibebe, lakini kitenge alikishika mwenyewe mpaka nyumbani. Njiani ndani ya bajaji alinieleza kwamba mkewe angepata tabu ugenini, amezoea ziwa.

Shabani alisharudi na kuchomoa flash yake. Tukaiwasha Windows, ikasuasua, ikalia. Baba akaitikia, akabofya kona yake, akachapa magunia ya dagaa mpaka giza likaanza kuingia. Mimi nilikuwa jikoni nalia juu ya vitunguu ambavyo sikuwa nimevikata bado.

Kwa hiyo nimeamua. Linux haitaingia kwenye mashine hii maadamu Baba yupo. Shabani amenielewa, ingawa alinitazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa aliyekataa dawa. Matokeo nitaingizia dukani kwake, nikivumilia foleni ya watu wanaojaza nyimbo kwenye memori kadi. Si mwisho wa dunia.

Ila kuamua hakujanisaidia chochote. Nilitegemea nikishaamua nitalala. Shabani aliniambia wazi alipokuwa anaondoka: ikiendelea na mzigo huu, siku moja haitawaka, na hapo hana la kufanya. Leo peke yake imeshaganda asubuhi, na sasa imeganda tena. Baba anasema ni mtandao wa makao makuu, akiwa haongei na mtu yeyote, na anasubiri kwa heshima zote. Angekuwa anagombana nayo ningejisikia nafuu.

Siku itakapokataa kabisa, nitamwambia nini? Nina uongo mmoja tu mzuri na nimeshautumia. Kilichobaki ni kumwambia amestaafu. Mimi ndiye nitakayemstaafisha baba yangu, hapa sebuleni, mbele ya skrini nyeusi, na baada ya hapo hatakuwa na pa kwenda ila bandarini au stesheni. Nitafunga mlango kwa kufuli? Wengine wamefanya hivyo kwa wazee wao na niliwasema vibaya. Naomba radhi kwao kimoyomoyo.

Nimenyanyuka sasa hivi nikachomoa waya ukutani, nikauchomeka tena. Baba hakuniuliza kitu. Amezoea, anadhani mimi ndiye fundi wa umeme wa bandari. Tumekaa tukaitazama pamoja ikihangaika, feni inakoroma, taa inawaka inazimika inawaka. Nimejikuta naomba. Midomo ilikuwa inatembea yenyewe.

Halafu ikalia.

"Mwakeye," Baba akasema, mchana kweupe huu, na mvua yote hii.

Nimerudi kwenye kiti nimeandika mpaka hapa, na kuna jambo sitaki kuliandika lakini kama siliandiki leo sitaliandika kamwe. Nilidhani nilikuwa naiombea kompyuta idumu. Sivyo. Nilijisikiliza vizuri. Nilikuwa namwomba Mungu kwamba kati ya hawa wawili, wa kwanza kuondoka awe Baba. Aondoke akiwa ofisini, mizigo imeandikwa yote, mkewe anangojewa arudi kutoka sokoni.

Ni mtoto gani anayemwombea baba yake hivyo?

Anachapa. Namsikia, kidole kimoja kimoja. Asubuhi nitasimama tena mlangoni, kabla yake, nisikilize kama italia.